Ni Lini Thumuni Hugeuka Tusui? Fumbo la Hesabu Linalolinda Haki ya Mjane

Wiki hii ukurasa wa familia unaanza na fumbo. Thumuni ni sehemu moja ya nane. Tusui ni sehemu moja ya tisa. Ni lini thumuni hugeuka kuwa tusui, bila mtu kuiba na bila karani kukosea?

Jibu lake lina umri wa zaidi ya karne kumi na tatu, na tutalifikia kabla ya ukurasa kwisha. Tunaomba wazazi wawaite watoto walio darasa la tano kwenda juu, wachukue kalamu na daftari, wasome pamoja nasi. Tumelichagua somo la sehemu si kwa sababu ya mitihani peke yake. Tumelichagua kwa sababu katika mji wetu wa Mwanza, na visiwani Ukerewe, na kote kandokando ya Ziwa Viktoria, hakuna hesabu inayotenganisha ndugu wa tumbo moja kama hesabu ya sehemu siku ya kugawa mirathi. Mara nyingi ugomvi hauzuki kwa kuwa watu wamekataa sheria ya Allah. Huzuka kwa kuwa wameikubali, kisha wakashindwa kuihesabu. Na anayeumia zaidi huwa ni mama mjane, ambaye fungu lake ni dogo na sauti yake kikaoni ni ndogo zaidi.

Makumi na sehemu ni ndugu

Tuanze na maneno. Watoto wengi huona majina ya sehemu kuwa magumu: theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Lakini tayari wanayajua bila kujijua. Yapange kando ya makumi: theluthi na thelathini, robo na arobaini, humusi na hamsini, subui na sabini, thumuni na themanini, tusui na tisini. Kila jozi imetoka katika shina moja la Kiarabu. Anayeweza kuhesabu kutoka thelathini hadi tisini ana ufunguo wa sehemu mkononi. Sudusi peke yake ndiyo inayojificha kidogo, kwa kuwa haifanani sana na sitini, ingawa asili yao ni moja.

Thumuni nayo ina shida yake. Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu sita, saba na tisa, lakini nane ni neno letu la Kibantu. Kwa hiyo mtoto anayesikia thumuni hasikii nane ndani yake. Aambiwe aitafute katika themanini, naye ataiona.

Sumuni ya sungura: sehemu ya nini?

Hapa kuna fumbo la pili, na hili waulizwe babu na bibi. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, ilikuja na sarafu ya senti 50 yenye picha ya sungura. Watu waliiita sumuni, yaani thumuni, sehemu moja ya nane. Lakini senti 50 ni nusu ya shilingi, si sehemu yake ya nane. Kwa nini basi ikaitwa thumuni?

Jibu ni kwamba jina ni kuukuu kuliko shilingi. Katika karne ya 19 biashara ya pwani, na ya misafara iliyofika hadi huku bara, ilihesabiwa kwa riale ya fedha. Riale moja ilihesabiwa takriban rupia mbili. Miaka ya mwanzo ya 1920 shilingi iliposhika nafasi ya rupia, rupia moja ilihesabiwa shilingi mbili. Basi riale ni rupia mbili, na rupia mbili ni shilingi nne. Gawa shilingi nne kwa nane, utapata senti 50. Riale ilitoweka mifukoni, lakini thumuni yake ilibaki katika ndimi za watu.

Fumbo hili lina funzo ambalo tutalitumia mpaka mwisho: sehemu haina maana mpaka ujue ni sehemu ya nini. Robo ya pishi ni kibaba, lakini robo ya gunia ni mzigo wa kubebwa begani. Mtu akikuambia kuwa mama amepewa thumuni yake, usishukuru mapema. Uliza kwanza: thumuni ya nini?

Ngazi mbili za Surat An-Nisaa

Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Qur'ani Tukufu, Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, ni sita tu. Mwalimu wa hesabu akiyatazama ataona ngazi mbili. Ngazi ya kwanza huanza na nusu: igawe mara mbili upate robo, igawe tena upate thumuni. Ngazi ya pili huanza na theluthi mbili: nusu yake ni theluthi moja, na nusu ya theluthi ni sudusi. Nusu, robo, thumuni. Theluthi mbili, theluthi, sudusi. Basi.

Kwa ufupi, mume hupata nusu ikiwa marehemu mkewe hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mke hupata robo ikiwa marehemu mumewe hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha, hata kama mtoto huyo ni wa mke mwingine. Binti akiwa peke yake hupata nusu; wakiwa wawili au zaidi bila ndugu wa kiume hushirikiana theluthi mbili. Wakiwapo wana wa kiume pamoja na mabinti, watoto huchukua kilichobaki baada ya wenye mafungu, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Baba na mama wa marehemu hupata sudusi kila mmoja ikiwa ameacha watoto.

Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba katika 1/8 namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili, na kwamba huwezi kujumlisha sehemu zenye asili tofauti mpaka utafute Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Wanazuoni wa mirathi hufanya jambo hilo hilo, na neno lao ni hilo hilo: huita namba hiyo asili ya mas'ala. Kwa mafungu yote sita, KDS ni 24. Nusu ni 12, robo ni 6, thumuni ni 3, theluthi mbili ni 16, theluthi ni 8, sudusi ni 4. Familia ikihifadhi namba hizi sita, imeshika nusu ya kazi.

Elimu hii si mpya katika hesabu za ulimwengu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya wasia na mirathi. Mirathi ilikuwa miongoni mwa mashamba ambamo hesabu hiyo ililimwa.

Mfano wa kwanza: chombo, nyumba na fedha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye mtumbwi wa kuvulia dagaa huko Nansio amefariki. Ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha tangulia mbele ya haki. Mtumbwi, injini na nyavu vimethaminiwa Sh. 16,000,000. Nyumba ni Sh. 8,000,000. Fedha taslimu ni Sh. 6,000,000. Jumla ni Sh. 30,000,000. Mazishi yaligharimu Sh. 800,000, na alikuwa na madeni ya Sh. 5,200,000.

Wavuvi wetu wanajua kanuni moja vizuri kuliko wanavyodhani. Mtumbwi ukirudi alfajiri na dagaa wakauzwa, hakuna anayegawana kabla ya gharama za safari kutolewa. Mafuta kwanza, kisha tajiri mwenye chombo na wavuvi wake wagawane. Mirathi ina utaratibu wa namna hiyo: mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja na usiokuwa kwa mrithi, ndipo warithi. Na katika madeni, mahari ambayo marehemu hakummalizia mkewe nayo ni deni. Hulipwa kabla ya mirathi, wala haihesabiwi kuwa ndiyo thumuni yake.

Katika mfano wetu, Sh. 30,000,000 toa Sh. 6,000,000, hubaki Sh. 24,000,000. Thumuni ya mke ni Sh. 3,000,000. Hubaki Sh. 21,000,000 za watoto: mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja, jumla mafungu manne. Fungu moja ni Sh. 5,250,000. Mwana atapata Sh. 10,500,000, na kila binti Sh. 5,250,000. Jumlisha zote: 3,000,000 na 10,500,000 na 10,500,000 ni 24,000,000. Hesabu imefunga.

Wengine husema hesabu kama hii ni nzuri kwenye karatasi tu, kwa kuwa mtumbwi haukatwi vipande. Kweli, haukatwi, lakini thamani hukatwa. Mwana akiutaka mtumbwi wa Sh. 16,000,000 na haki yake ni Sh. 10,500,000, auchukue na awalipe wenzake Sh. 5,500,000. Mama na mabinti watabaki na nyumba ya Sh. 8,000,000 na hizo Sh. 5,500,000, jumla Sh. 13,500,000, ambayo ndiyo haki yao hasa. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani, na mtumbwi haukuuzwa kwa bei ya kutupa.

Makosa matatu ya thumuni

Kosa la kwanza ni kutoa thumuni kabla ya madeni. Thumuni ya Sh. 30,000,000 ni Sh. 3,750,000. Mama atakuwa amepewa Sh. 750,000 zisizo zake, na watoto watabeba deni lote peke yao. Tunalitaja kosa hili makusudi, kwa kuwa haki ina pande zote mbili.

Kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi. Vijana husema kwamba chombo na nyavu ni mali ya wanaume, huvitenga, kisha mama hupewa thumuni ya nyumba peke yake. Thumuni ya Sh. 8,000,000 ni Sh. 1,000,000. Neno walilolitumia ni lile lile la Qur'ani, lakini mama amepoteza Sh. 2,000,000 kwa sababu hakuna aliyeuliza swali letu: thumuni ya nini? Ni thumuni ya mali yote halali ya marehemu, ya nchi kavu na ya majini. Na kile alichochuma mke kwa jasho lake, mtaji wake wa mchele au cherehani yake, hakimo kabisa katika hesabu, kwani si mali ya marehemu.

Kosa la tatu hutokea marehemu anapoacha wake wawili, na kila mmoja akadai thumuni yake. Thumuni mbili ni robo. Sheria imewapa wake wote kwa pamoja thumuni moja. Wakiwa wawili, kila mmoja hupata 1/16, yaani Sh. 1,500,000 katika mfano wetu. Wakiwa wanne, kila mmoja 1/32.

Ng'ombe kumi na saba

Kabla ya kurudi kwenye fumbo la mwanzo, tuwape watoto hadithi inayosimuliwa katika nchi nyingi za Waislamu, wakati mwingine kwa ngamia. Sisi tulio Usukumani tutaisimulia kwa ng'ombe. Baba aliacha ng'ombe 17 na kuagiza mwana wa kwanza apewe nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui. Nusu ya 17 ni nane na nusu, na hakuna aliyetaka kuchinja. Mzee mwenye hekima akaja na ng'ombe wake mmoja, akamchanganya na wale, wakawa 18. Nusu ni 9, theluthi ni 6, tusui ni 2. Jumla 17. Mzee akamchukua ng'ombe wake akaenda zake.

Hii ni hadithi ya kuchemsha bongo, si fatwa, kwani katika sheria yetu wana wa kiume hulingana. Lakini watoto waulizwe siri yake. Jumlisha 1/2, 1/3 na 1/9 kwa asili ya 18: ni 9, 6 na 2, yaani 17/18. Baba hakuigawa mali yote tangu mwanzo. Kulikuwa na sehemu moja ya kumi na nane isiyo na mwenyewe, na mzee aliiona kabla ya wengine. Alijumlisha kwanza ndipo akagawa.

Thumuni yageuka tusui

Sasa turudi kwenye fumbo letu. Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba (huyu naye ni wa kubuni), amefariki na kuacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Baada ya mazishi na madeni zimebaki Sh. 27,000,000. Mafungu ni haya: mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi.

Wasiojumlisha kwanza huanza kugawa kwa anayeketi mbele. Mabinti theluthi mbili, Sh. 18,000,000. Baba Sh. 4,500,000. Mama Sh. 4,500,000. Tazama: fedha zimekwisha. Mjane amebaki mikono mitupu, na kila aliyechukua anaweza kuapa kwamba hakuchukua zaidi ya fungu lililotajwa katika Kitabu. Hapo ndipo watu huanza kunong'ona kwamba labda fungu la mke ni la hisani tu.

Sasa jumlisha kwa asili ya 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27. Mafungu yamezidi asili. Hali hii wanazuoni huiita aul. Imepokewa kwamba ilijitokeza mara ya kwanza zama za Khalifa Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, katika mirathi ya mwanamke aliyeacha mume na dada wawili: nusu na theluthi mbili, yaani 7/6. Akashauriana na Masahaba, na uamuzi ukawa kwamba upungufu ubebwe na wote kwa uwiano wa mafungu yao, kama wadai wa mtu ambaye mali yake haitoshi kulipa madeni yote.

Basi asili ya 24 hupandishwa ikawa 27. Kila fungu ni Sh. 1,000,000. Mke hupata Sh. 3,000,000, kila binti Sh. 8,000,000, baba Sh. 4,000,000, mama Sh. 4,000,000. Kila mmoja amepungukiwa kidogo, na hakuna aliyetupwa nje. Na ile 3/24 ya mke, ambayo ni thumuni, imekuwa 3/27. Rahisisha: ni 1/9. Thumuni imegeuka tusui.

Imepokewa kwamba swali hili hasa aliulizwa Sayyidna Ali bin Abi Talib, Allah amridhie, akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mwanamke yule imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Ndiyo maana huitwa Mas'ala ya Mimbari. Njia hii ndiyo inayofuatwa na madhehebu manne ya Sunni, ikiwemo ya Shafii iliyoenea kwetu. Mafaqihi wa Jaafari, ambao wafuasi wao nao wako hapa Mwanza, hawaikubali aul na wana njia yao ya kuuweka upungufu. Familia zao ziwaulize wanazuoni wao.

Kabla ya kalamu: nani alikuwa hai?

Liko jambo moja ambalo watu wa ziwa hawawezi kuliruka. Tarehe 21 Mei 1996 tulipoteza mamia ya watu katika MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu na Ukara. Katika misiba ya namna hii watu wa familia moja huondoka pamoja. Ikiwa haijulikani nani alitangulia, Shafii na wanazuoni wengi wanasema waliokufa pamoja hawarithiani. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake waliobaki hai. Basi hesabu huanza na orodha ya walio hai, ndipo asili itafutwe. Allah awarehemu wote.

Kisheria, familia huomba Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi wa yote, bali ni mwenye amana. Ushauri wetu ni kwamba siku ya kikao aje na karatasi moja yenye mistari minne: mali yote na thamani yake, mazishi, madeni na wasia, orodha ya warithi walio hai, na jumla ya mafungu kwa asili moja. Karatasi isomwe kwa sauti, mama mjane akiwepo, mabinti wakiwepo, na sheikh anayeijua elimu ya mirathi akiwepo. Mstari wa nne usipofunga, asiondoke mtu na kitu.

Zoezi la nyumbani

Moja: mwanamume ameacha wake watatu na mwana mmoja wa kiume, na baada ya madeni Sh. 24,000,000. Kila mke atapata sehemu gani? Mbili: mwanamke ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na Sh. 7,000,000. Igaweni. Tatu: zaka ya fedha iliyofika nisabu na kutimiza mwaka ni robo ya ushuri. Ni kiasi gani katika Sh. 40,000,000?

Majibu: Moja, thumuni kwa watu watatu ni 1/24, yaani Sh. 1,000,000 kila mke, na mwana Sh. 21,000,000. Mbili, asili ya 6 hupanda ikawa 7: mume Sh. 3,000,000, kila dada Sh. 2,000,000. Tatu, robo ya 1/10 ni 1/40, yaani Sh. 1,000,000.

Katika Sunan Ibn Majah imo riwaya inayoiita elimu ya mirathi nusu ya elimu. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, lakini hakuna anayepinga uzito wa elimu yenyewe. Binti yako akiweza leo kupata 27 kutoka 24, basi kesho hapana kikao kitakachomwambia mama yake kwamba fedha zimekwisha. Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza haki kwa mizani iliyo sawa. Amin.